Pikipiki Wamaza, Sanduku Kasongo

Kasongo, tarehe 15 Januari 2023

Ndugu yangu mudogo Dominique,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote. Ukiuliza habari zetu, sisi huku tuko wazima, ila mutoto wangu Joël alishikwa na homa wakati wa Noeli. Sasa anakula, na mutoto akila mama anapumua. Baba Joël angali anafundisha na angali analalamika. Kwenye meza yangu ya spea soko iko polepole juu ya mvua: watu wa vijiji hawaingii, na asiyeingia hanunui buji ya kuwashia injini wala kamba ya breki. Unisalimie Mama Estelle na watoto.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Tangu tulipoondoa matanga ya Baba, na wazee wa ukoo wakakupa wewe pikipiki yake, sijakuandikia. Usifikiri nimekasirika. Wazee wakisema wamesema. Wewe uko mwanaume, mimi niliolewa Kasongo, na vitu vya mutu wa Wamaza vibaki Wamaza. Nilisikia, nikarudi Kasongo. Sina wivu.

Naandika tu kama yaya, dada yako mukubwa, juu ya chuma chenyewe, maana ile si pikipiki kama hizi za motari wa hapa wanaobeba abiria. Padri François wa misioni aliileta toka kwao milimani, na ilitengenezwa kwa kupanda mawe, si kwa kukimbia barabarani. Alipomuachia Baba, alimuachia na masharti yake. Usibadilishe kile kiti kidogo, hata watu wakicheka kwamba hakibebi mutu wa pili. Usijaze mipira ya magurudumu upepo mpaka iwe migumu. Baba aliiacha laini ili ishike jiwe. Changanya mafuta ya injini ndani ya esanse kila mara unapojaza tangi, usisahau hata siku moja. Na uipande umesimama. Baba hakukalia kile kiti isipokuwa akienda misa.

Ukihitaji spea, unajua lile sanduku la chuma ambalo Baba aliniletea alipoona unyevu wa Wamaza unakula vitu vyake. Liko chini ya meza yangu. Wazee hawakuligawa, nadhani walilisahau.

Yaya wako,
Marcelline

*

Wamaza, tarehe 26 Februari 2023

Yaya Marcelline,

Pokea salamu zangu na heshima. Barua yako ilifika imelowa. Zuberi, yule motari anayepita huku, aliificha ndani ya shati lakini mvua ilimufuata njia yote. Hapa rezo ya simu imekufa tena. Antena iko inasimama tu na ndege wanajenga juu yake, kwa hiyo tutaendelea na karatasi. Usihesabu kuchelewa kwangu kuwa uvivu. Sisi wote tuko wazima. Muhogo umeshikwa na ugonjwa wa majani, mupunga uko muzuri. Estelle anasoma sasa, anatusomea hata maandishi ya kwenye mifuko ya chumvi. Victoire mama yake anakusalimia sana.

Pikipiki iko. Inawaka. Lakini inatoa moshi mwingi, na ikifika kwenye mulima inakosa nguvu na kuzima. Tuliifungua, tukaona segmenti zimekwisha, zile duara za chuma zinazobana pistoni. Bila hizo itakufa kabisa. Ninakuomba utafute segmenti ndani ya sanduku umupe Zuberi.

Mashauri yako nimeyasoma, asante. Lakini Yaya, uniruhusu neno moja. Kila ukinishauri, ni Baba alifanya hivi, Baba aliacha vile, kama vile mimi sikuzaliwa nyumba ile. Siku nilipotoka shule na diploma, Mama alichinja kuku, wageni wakajaa, na Baba akasimama mbele yao akasema: "Marcelline huyu ndiye fundi wangu." Sherehe ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa umesimama mulangoni na mafuta meusi kwenye kucha, unacheka. Mimi nilikula kuku yangu nimewapa mugongo.

Basi leo na mimi nina kitu kimoja cha Baba. Unisaidie kibaki kizima.

Ndugu yako,
Dominique

*

Kasongo, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 2023

Dominique ndugu yangu,

Bwana amefufuka, na wewe ufufuke na nyumba yako. Jana tuliimba mpaka sauti zikakauka. Majirani zetu Waislamu walituma sahani ya futari ingawa siku ilikuwa yetu, na sisi tulituma ndizi. Joël amekua, suruali zote zimekuwa fupi. Baba Joël ana jino linalomuuma na hataki kung'oa.

Habari ya segmenti: sanduku limejaa, soko iko na watu, sijapata nafasi ya kutafuta vizuri. Halafu segmenti si kitu cha kutuma tu kama chumvi. Ukiziweka vibaya, zinavunjika ndani na kukwaruza silinda yote, ndipo utalia. Afadhali ulete pikipiki hapa. Nitaiweka mimi mwenyewe, kwa mikono iliyofundishwa.

Tena kuna jambo. Zuberi alipokuja kununua kamba ya embrayaji, ile ya kubadilishia gia, tulizungumza, na katikati ya mazungumzo akasema alipita kwako akamukuta Mama Estelle amekaa kwenye mukeka, injini iko wazi mbele yake, mikono yote nyeusi. Mimi nilicheka. Halafu alipoondoka sikucheka tena. Juu ya nini muke wako anafungua injini ya baba yangu? Unaandika "tuliifungua, tukaona". Ni nani na nani hao?

Labda Zuberi hakuona vizuri. Lakini wakubwa walisema lisemwalo liko, na kama haliko linakuja. Unijibu hilo kwanza, segmenti baadaye.

Yaya wako,
Marcelline

*

Wamaza, tarehe 4 Juni 2023

Yaya,

Salamu sana. Pole ya jino la shemeji. Umuambie alisukutue na maji ya chumvi ya moto kabla halijamufundisha adabu. Huku mvua imekatika, barabara inaanza kukauka. Tulivuna mupunga vizuri. Mujomba Yves alianguka kwenye ngazi ya kanisa lakini hakuvunjika kitu isipokuwa hasira yake.

Zuberi anasema sana. Mimi nilikuwa shambani, na Victoire alikuwa anaosha vyuma kwa esanse, ndiyo hayo aliyoyaona. Muke wa mutu haruhusiwi kuosha?

Ninaandika kwa haraka juu ya Muguu Juu. Unajua tarehe 15 Agosti, baada ya misa ya Bikira Maria, pikipiki zinapanda mawe ya kijito nyuma ya misioni, moja moja, na anayeweka muguu chini ametoka. Baba na Padri François ndio walioanzisha muchezo huo, na sikumbuki mwaka ambao pikipiki ya Baba haikuonekana majini. Motari wa Lusangi wameanza kusema kwamba mwaka huu Wamaza haina mutu. Wanatucheka hata sokoni. Bila segmenti haitafika hata jiwe la kwanza, na jina la Baba litaanguka hapo watu wote wakitazama.

Kuileta Kasongo haiwezekani, kazi ni nyingi. Tena nikuambie ukweli: mufanyabiashara mumoja wa Lusangi amekuja kuitazama. Anataka chuma chepesi cha kupita njia za machimbo. Sijamujibu. Ikiendelea kulala kwenye kibanda kama mugonjwa, nitamujibu.

Unajua ninavyokuheshimu.

Dominique

*

Kasongo, tarehe 2 Julai 2023

Dominique,

Salamu. Tuko wazima. Jino liling'olewa.

Souleymane, yule muzee anayeuza chumvi na samaki wakavu, amerudi toka Wamaza. Alisimama mbele ya meza yangu, watu wakiwa wengi, akanipongeza. Alisema: "Mama Joël, wifi yako anapanda yale mawe na wanaume wanamutazama tu. Ukoo wenu umebarikiwa." Alifikiri ananiletea furaha. Nilimushukuru, nikamupa maji ya kunywa, halafu nilifunga meza kabla ya saa na nikaenda nyumbani.

Kumbe ni kuosha. Kumbe muke wa mutu anaosha vyuma mpaka anajikuta juu ya mawe.

Sasa unisikilize. Kwenye kile kikao cha kugawa vitu vya Baba wewe ulisimama mbele ya wazee ukasema: "Mwanamuke hapandi kile chuma, kitamuvunja. Tena Yaya ameolewa, atakipeleka kwa ukoo wa watu." Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia kila neno, na muchi haukusimama mukononi mwangu. Nilifikiri, basi, ndiyo desturi, mudogo wangu anafuata desturi. Na Victoire ni nani? Si mwanamuke? Hakutoka kwa ukoo wa watu? Baba ndiye aliyenisimamisha juu ya ile pikipiki kabla matiti hayajaota. Mimi ndiye niliyekuwa namushikia taa hata muchana, ile ya kutazama ndani ya silinda. Nilijua kwa sauti tu kwamba buji imechafuka. Yule muke wako alikuwa wapi?

Nikukumbushe tena kitu ambacho hakuna mutu anapenda kusema. Mbuzi waliokwenda kwao kumuoa Victoire ni wale wale Baba Joël aliowatoa kuwa mahari yangu. Walilala usiku mumoja tu kwenye zizi letu, asubuhi wakapelekwa kwao. Kwa hiyo mimi nilitoka nyumbani ili yeye aingie. Sikukataa, ndivyo dada anavyomuolea kaka yake. Nilikubali aingie jikoni kwa Mama. Nilikubali shamba, kisima, na jina la Mama ambalo mulimupa mutoto wenu wa pili. Lakini pikipiki ya Baba?

Nina wivu. Haya, nimeandika, usome mara mbili. Nina wivu mpaka chakula kinanishinda, na kila pikipiki ikipita mbele ya meza naona mugongo wake.

Segmenti ziko. Nilizipata siku ile ile uliyoniomba, mupya, ndani ya karatasi ya Baba. Hazitoki Kasongo. Ulete pikipiki, au uiuze, au iote kutu. Uchague.

Marcelline

*

Wamaza, tarehe 20 Agosti 2023

Yaya Marcelline,

Heshima yako. Watoto wako wazima. Estelle ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga muluzi bila kutaka. Mama Célestine, jirani yetu, anakushukuru kwa kile kitambaa.

Juu ya maneno ya kikao sitaandika kitu. Nitaandika ya Muguu Juu kama yalivyotokea.

Mwezi wa tatu nilijaribu yale mawe mbele ya watu. Nilikuwa nimejaza mipira mpaka ikawa migumu, kwa sababu niliona aibu ya kupanda na mipira inayoonekana kama imetoboka. Ulikuwa umenikataza. Jiwe la pili lilinitupa majini, pikipiki juu ya muguu wangu, na motari wa Lusangi walikuwako. Tangu hapo sikurudi. Victoire ndiye aliyeisukuma mpaka nyumbani. Njiani akatoa upepo kidogo kwenye mipira ili isukumike vizuri kwenye mawe, na ndipo alipoanza kuipanda. Mimi sikumufundisha kitu. Sina cha kufundisha.

Segmenti zako hazikuja, kwa hiyo Victoire alihangaika na zake. Sijui alifanyaje. Tarehe 15, baada ya misa, ilipofika zamu ya Wamaza, alifunga kitenge vizuri juu ya suruali yangu, akasimama juu ya vile vyuma vya miguu, akaingia majini. Yaya, ilikuwa inapanda kama mutu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Motari wa Lusangi wote walikuwa wametoka. Kijana wa Kasongo, Hervé, alikuwa ametoka kwenye jiwe la tatu. Victoire alibakiza jiwe moja, lile kubwa la juu.

Hapo ndipo wamama wazee wa ng'ambo ya kijito, ambao macho yao yamechoka, waliona mwanamuke amesimama juu ya pikipiki ya Baba yetu Ruphin. Wakapiga vigelegele. Wakaanza kuita: "Marcelline! Marcelline amerudi!" Na watu wengine, hata wanaomujua muke wangu, wakashika jina hilo na kuliimba. Kijito chote kilikuwa Marcelline.

Aliweka muguu chini. Hakuteleza, Yaya, mimi nilikuwa karibu. Aliuweka mwenyewe, polepole. Akazima injini, akaiacha pikipiki imeegemea jiwe katikati ya maji, akatoka akaenda nyumbani na nguo zimelowa. Nilimukuta anachambua muchele. Alisema neno moja: "Uipeleke kwa mwenyewe."

Halafu mengine yakatoka. Tangu alipoingia nyumba hii, sombe ni ya Marcelline, wimbo ni wa Marcelline, hata kufagia uwanja kuna namna ya Marcelline. Mama mpaka anakufa alikuwa anamuita kwa jina lako na kujisahihisha. Mimi nilikuwa sijui, au nilikuwa sitaki kujua. Munanila kutoka pande mbili, mumoja Kasongo, mumoja jikoni kwangu.

Yule mufanyabiashara nilimufukuza. Pikipiki inakuja na kamio, gari kubwa la kubeba mupunga, Zuberi anaisindikiza. Umeshinda. Ufurahi.

Dominique

*

Kasongo, tarehe 8 Oktoba 2023

Dominique, na wewe Victoire,

Nawasalimu wote wawili, na barua hii Dominique usiisome kwa sauti. Umupe muke wako aisome mwenyewe. Joël ni muzima. Baba Joël ni muzima na sasa analalamikia jino lingine. Mvua imerudi.

Pikipiki ilifika na majani ya mupunga kwenye spoki. Majirani walikuja kuitazama kama wanatazama bibi arusi. Niliiingiza ndani ya nyumba, nikafunga mulango, nikaizunguka. Sikuandika wakati ule kwa sababu nilikuwa nafurahi, na furaha ile haikuwa nzuri.

Halafu niliifungua ili niweke segmenti za Baba. Victoire, sasa nasema na wewe.

Kwanza niliona lile jwenti la kuziba injini ulilolikata kwenye boksi la biskuti, nikacheka peke yangu. Nilisema, ona kazi ya mutu asiyefundishwa. Kisha nikatoa pistoni. Ulichukua segmenti za zile pikipiki kubwa za kubeba mizigo, ambazo ni pana kuliko hizi zetu. Ulizikata ncha kwa tupa mpaka zikaingia. Unene wake uliusaga juu ya jiwe, naona mistari ya jiwe, yote inakwenda upande mumoja, hakuna mahali mukono ulichoka. Na ile pini ndogo ndani ya mufereji wa pistoni, inayozuia segmenti isizunguke, uliitengenezea nafasi yake, ndogo kama punje ya ulezi. Hakuna mutu aliyekuambia ukiisahau silinda inaharibika. Uliiona mwenyewe kwa kutazama. Baba alinionyesha mimi mara nyingi na bado nilisahau siku moja. Nilikaa chini sakafuni, nikalia kwa wivu.

Na bado nilizitoa. Ndiyo, Victoire, nilizitoa zako nikaweka za sanduku, mupya, na karatasi yake nikaitunza. Nikaiwasha, nikatoka nayo. Moshi ulijaa barabara. Kwenye kile kimulima cha karibu na musikiti ilizima, na watu wa meza za jirani wakanisukuma wakicheka. Nikaifungua tena, nikaingiza segmenti peke yake ndani ya silinda na kutazama. Silinda imechakaa. Imepanuka kwa miaka yote ile ya Baba na ya Padri. Segmenti za sanduku zilitengenezwa kwa pikipiki wakati ilipokuwa kijana; sasa zinacheza ndani, hazibani kitu. Zako zinabana kwa sababu ulizikata kwa silinda ilivyo leo.

Kwa hiyo ujue hili. Kama ningezituma mwezi wa tatu, zisingewasaidia. Kama ningezituma mwezi wa saba, ungesimama kwenye jiwe la kwanza na moshi wako. Nimekalia lile sanduku miezi yote, nikifikiri nimeshika roho yenu mukononi, na ndani yake hamukuwa na kitu mulichohitaji.

Nilirudisha zako. Iliwaka mara moja, sauti safi, kama Baba alivyoipenda. Nikaipeleka kwenye lile korongo ambapo maji yamekula barabara ya kwenda mutoni. Nilisimama juu yake. Kwenye jiwe la kwanza niliweka muguu chini. Nikarudi, nikaanza tena, nikaweka muguu chini mahali pale pale. Mara ya mwisho nilikaa kwenye kile kiti kidogo kama mutu anayekwenda misa, nikabaki hapo. Magoti yangu ni ya mwanamuke wa soko. Mwili wangu haukuningojea.

Wivu haujatoka, nisikudanganye. Zamani nilikuwa na wivu wa kitu nilichonyimwa, na niliweza kumutukana Dominique na wazee nikapata usingizi. Sasa nina wivu wa mikono yako, na huu ni mubaya zaidi, maana hakuna mutu wa kulaumu.

Zuberi anairudisha wiki hii. Nimeweka kamba mupya za breki na nimetoa upepo kwenye mipira. Dominique, usiiguse pampu. Sanduku linabaki hapa. Ni vyuma vya kumbukumbu tu.

Agosti ijayo nitafunga meza na kuja. Sitakuja kupanda. Nitavuka kijito nisimame ng'ambo, katikati ya wale wamama wenye macho mabaya, na wakianza kuita jina langu nitawaambia niko hapa, chini, mutazame vizuri. Halafu nitaita jina lako kwa sauti, Victoire, mimi wa kwanza, mpaka walishike. Litaniuma, lakini nitaliita.

Ni mimi wifi yako,
Marcelline